Saa ya Mkono Inayojua Mwezi wa Februari

Mwulize mtoto wa shule mwezi wa Septemba una siku ngapi. Kama amesahau, atakunja ngumi mbele yako na kuhesabu juu ya vifundo vya vidole: Januari juu ya kifundo, siku 31, Februari bondeni, Machi juu ya kifundo, na kuendelea hivyo mpaka Septemba, ambayo huangukia bondeni, nayo ina siku 30. Ngumi ni kalenda nzuri. Haipotei, wala hainunuliwi. Lakini ikifika Februari hunyamaza, na hapo mtoto hana budi kuuliza: mwaka huu ni mwaka gani?

Saa nyingi za mkono hazina hata akili ya ngumi. Zile zenye dirisha dogo la tarehe huhesabu mpaka 31 kila mwezi, na mara tano kwa mwaka mwenyewe lazima azisahihishe kwa vidole vyake. Asipofanya hivyo, siku ya kwanza ya mwezi wa Mei saa yake itamwambia kwamba leo ni tarehe 31 Aprili, siku ambayo Mungu hakuiumba.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za saa nyingine. Ni saa za zamani, zilizotengenezwa Uswisi tangu mwaka 1925 mpaka miaka ya 1980, ambazo zenyewe zinajua tofauti ya mwezi wa siku 30 na mwezi wa siku 31. Zinaijua Februari. Tena zinaujua mwaka mrefu, ule unaorudi kila baada ya miaka minne na siku yake moja ya ziada. Mafundi wa Geneva huita kazi hiyo quantième perpétuel. Sisi tutasema kalenda ya daima. Ndani yake hamna umeme wala betri, ila magurudumu, springi na wenzo. Na siku hizi watu hununua moja ya saa hizo kwa bei ya nyumba, na nyingine kwa bei ya mtaa mzima. Tulipopata habari hizo tulijiuliza, kama ninyi mtakavyojiuliza: watu hao wanalipia nini hasa?

Kabla ya kujibu, na tufungue kasha tutazame ndani.

Chini ya uso wa saa kuna gurudumu moja lisilofanana na wenzake. Mengine huzunguka kwa dakika, kwa saa, kwa siku. Hili hulizunguka duara lake mara moja tu katika miaka minne, polepole kuliko kobe. Ukingo wake umegawanywa sehemu 48, sehemu moja kwa kila mwezi wa miaka hiyo. Penye mwezi wa siku 31 ukingo umeachwa mzima. Penye mwezi wa siku 30 fundi amekata pengo fupi. Penye Februari ya siku 28 amekata pengo refu, na penye Februari ya mwaka mrefu amekata pengo la kati, si refu kama lile wala si fupi kama la Aprili. Juu ya ukingo huo umelala wenzo mwembamba wenye pua, na pua hiyo hupapasa mapengo kama kidole cha kipofu kinavyopapasa maandishi yake.

Kila usiku wenzo huo hulisukuma gurudumu la tarehe. Siku za kawaida hulisukuma hatua moja: jana 14, leo 15. Lakini mwisho wa mwezi mfupi pua imezama pengoni, na kwa sababu hiyo wenzo umepata nafasi ya kurudi nyuma zaidi kabla ya kusukuma. Ukisukuma sasa, huipeleka tarehe hatua mbili badala ya moja, ikiruka 31. Februari ya siku 28 huipeleka hatua nne. Mwaka mrefu ukifika, hatua tatu. Kadiri pengo lilivyo refu, ndivyo wenzo unavyosukuma mbali. Hiyo ndiyo siri yote. Mafundi wengine hawakukata sehemu 48. Walitosheka na gurudumu la miezi 12, na mahali pa Februari wakaweka kinyota kidogo sana kinachogeuka robo moja kila mwaka. Njia ni nyingine, shabaha ni ile ile.

Hapo twaomba msomaji asimame kidogo. Fundi aliyekata pengo lile la kati alijua kwamba litatumika usiku mmoja tu katika siku 1461. Alikosea kwa unene wa unywele, saa ingetembea vizuri karibu miaka minne, kisha usiku huo mmoja ingedanganya. Na pengine fundi mwenyewe angekuwa amekwisha kufa.

Kazi hii haikuanzia mkononi. Mwingereza Thomas Mudge, fundi wa London, alitengeneza saa ya mfukoni yenye kalenda ya daima karibu na mwaka 1762. Kwa zaidi ya miaka mia na hamsini ilibaki kazi ya saa za mfukoni, zenye nafasi ya kutosha. Ni baada ya vita ya 1914 mpaka 1918 ndipo wanaume wengi walipozoea kuvaa saa mkononi, na mafundi wakaanza kujiuliza kama mashine ile yote ingeweza kuingia katika kasha dogo hivyo.

Ya kwanza ilipatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Nyumba ya Patek Philippe ya Geneva ilikuwa na mashine ndogo, nambari 97975, iliyotengenezwa mwaka 1898 kwa ajili ya saa ya mwanamke ya kuning'inizwa shingoni. Mashine hiyo ikakaa miaka 27. Mwaka 1925 waliitoa wakaitia katika kasha la saa ya mkono, na mwaka 1927 Mwamerika mmoja, Thomas Emery, akainunua. Hivyo saa ya kwanza ya mkono yenye kalenda ya daima ilikuwa imezaliwa mapema, ikingoja mkono wa kuivaa. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Patek Philippe mjini Geneva.

Baadaye zikafuata chache, moja moja, kwa ombi la tajiri fulani. Mwaka 1941, wakati Ulaya ilipokuwa ikiungua kwa vita, nyumba hiyo hiyo ilianza kutengeneza kwa mfululizo namna mbili. Moja iliitwa kwa nambari 1526, ina kalenda ya daima na mwezi. Nyingine 1518, ina hayo yote pamoja na kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha. Msidhani kwamba mfululizo maana yake ni maelfu. Za 1526 zilitoka kama 210 katika miaka kumi na moja. Za 1518 zilitoka 281 mpaka mwaka 1954. Kiwanda cha baiskeli kingeona aibu kutaja hesabu kama hiyo. Katika mwaka 1962 ikaja 3448, ya kwanza kutengenezwa kwa mfululizo yenye kujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji, na katika miaka 19 zikatoka 586 tu.

Kwa nini chache hivyo? Kwa sababu hazikutengenezwa kwa mashine kubwa, bali kwa mikono, na mikono yenye ujuzi huo ilihesabika. Na hapa twafika mahali ambapo, kwa maoni yetu, habari hii ni tamu kuliko bei zake zote. Jina lililoandikwa juu ya uso wa saa ni jina la mjini. Lakini mengi ya magurudumu yale ya kalenda yalitoka milimani, katika bonde liitwalo Vallée de Joux, karibu na mpaka wa Ufaransa. Bonde hilo liko juu, mita 1000 na zaidi, na baridi yake inajulikana Uswisi nzima. Theluji hufunika mashamba miezi mingi. Zamani wakulima wa huko, ng'ombe wakiwa zizini na majembe yakiwa ukutani, walikaa karibu na dirisha penye mwanga wakachonga vyuma vya saa majira yote ya baridi. Baba alimfundisha mwana, na mwana akamfundisha mjukuu. Katika kijiji cha Le Sentier ilikuwako karakana ya Victorin Piguet, nayo ndiyo iliyompatia Patek Philippe mashine nyingi za kalenda. Wavaaji wachache walilijua jina hilo. Halikuandikwa mahali wanapotazama watu.

Tusidanganyane, lakini: mnunuzi wa leo hatoi fedha zake kwa kumkumbuka mkulima wa bondeni. Wengi wanatoa kwa sababu kitu ni adimu, na mwanadamu hupenda kuwa na asichonacho jirani yake. Ushahidi ni huu. Karibu saa zote za 1518 zilitiwa katika kasha la dhahabu. Zinazojulikana zenye kasha la chuma cha pua ni nne tu. Mwezi wa Novemba 2016, katika mnada uliofanywa Geneva na nyumba ya Phillips, moja ya hizo nne iliuzwa kwa faranga milioni 11 za Uswisi na zaidi. Wakati huo hakuna saa ya mkono iliyokuwa imefikia bei hiyo mnadani. Ndugu zake za dhahabu ya manjano kwa kawaida huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Yaani chuma, ndugu wa kijiko cha mezani, kimeishinda dhahabu! Mashine ndani ni ile ile. Wenzo ni ule ule. Tukisema kweli, tofauti hiyo ya bei haimo ndani ya saa. Imo ndani ya vichwa vya wanaume walioketi katika ukumbi wa mnada.

Hata Afrika yetu ina sehemu katika habari hizi. Haile Selassie, mfalme wa wafalme wa Ethiopia, alikuwa na Patek Philippe ya namna ya 2497, yenye kalenda ya daima na mshale mrefu wa sekunde uliotoka katikati. Mwaka 2015 saa hiyo ilitangazwa kuuzwa Geneva, kisha ikaondolewa mnadani baada ya watu wa ukoo wake kulalamika. Mwezi wa Novemba 2017 iliuzwa, kwa zaidi ya faranga milioni 2 za Uswisi. Nasi tumeliwaza jambo moja ambalo magazeti ya minada hayakulijali sana. Kalenda ya Ethiopia si ya Geneva. Ina miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, na mwezi wa 13 wenye siku 5 au 6. Kwa hiyo saa ya mfalme, iliyokuwa na akili nyingi hivyo, ilimwambia tarehe ya wageni wake. Tarehe ya raia zake ilimbidi kuijua kwa kichwa. Msomaji wa Kiswahili atacheka kidogo, maana sisi nasi tumezoea mambo hayo: mshale ukielekea 12 mchana, tunasoma saa sita.

Sasa tuwaeleze jinsi kazi hii ilivyokaribia kufa.

Siku ya Noeli ya mwaka 1969, Wajapani wa nyumba ya Seiko walitoa mjini Tokyo saa ya mkono ya kwanza iliyoongozwa na kijiwe cha kwazi kinachotetemeshwa na umeme wa betri. Kwa mwezi mzima ilikosea sekunde tano hivi. Saa nzuri ya Uswisi ya magurudumu huweza kukosea hizo kwa siku moja. Mwanzoni saa ya Wajapani ilikuwa ghali, lakini baada ya miaka michache bei ilishuka, na mtu wa kawaida sokoni aliweza kununua saa sahihi kuliko ya mfalme. Hatuwezi kulaumu jambo hilo. Ilikuwa baraka kwa wengi. Ila huko Uswisi lilikuwa msiba. Mwaka 1970 watu waliokuwa wakila jasho lao katika kazi ya saa walikuwa kama 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki 30,000 na kitu. Karakana zilifungwa. Vifaa vilivyorithiwa kutoka kwa babu viliuzwa kama vyuma vikuukuu. Vijana wa bondeni walitafuta kazi nyingine, na ni nani angewaambia wabaki? Mzee aliyejua kukata pengo la Februari aliweza kufa bila mwanafunzi.

Katika miaka hiyo hiyo mibaya, mwaka 1978, nyumba ya Audemars Piguet ya kijiji cha Le Brassus, katika bonde lile lile, ilitoa saa ya kalenda ya daima, nyembamba ajabu, yenye kujitia ufunguo. Mashine yake yote, pamoja na kalenda, haikufika unene wa milimita nne. Husimuliwa kwamba mafundi watatu waliianza kwa siri, baada ya saa za kazi, kabla ya kumwonyesha mkubwa wao. Kutengeneza kitu cha namna hiyo wakati jirani wanafunga milango kulionekana kama kupanda mbegu katika kiangazi. Lakini mbegu ikaota. Watu wakainunua, na nyumba hiyo ikaendelea kuwalipa mafundi wake. Mwaka 1985 ikafuata nyumba ya IWC ya Schaffhausen, ambako fundi Kurt Klaus alibuni kalenda ya daima iliyosahihishwa yote kwa kizungusho kimoja tu cha pembeni, na iliyoandika mwaka kamili kwa tarakimu nne.

Hapo ndipo, kwa kufikiri kwetu, thamani ya kweli ya saa hizi za zamani inapoonekana. Kila moja ni kama kitabu cha fundi. Kijana wa leo anayefungua 1526 ya mwaka 1945 ili kuisafisha huona jinsi mzee fulani alivyopiga tupa, alivyopindisha springi, alivyoacha nafasi ya unywele hapa na kuiziba pale. Mambo hayo hayakuandikwa popote. Yamo ndani ya chuma tu, na chuma kikipotea yamepotea.

Kwa hiyo tunasikitika tusikiapo jinsi saa nyingi zilivyoharibiwa na watu wenye nia njema. Mrithi anapata saa ya babu, anaiona imefifia, anaipeleka kwa fundi wa njiani kung'arishwa. Anarudishiwa saa inayometameta, na hajui kwamba pembe za kasha zimeliwa na mashine ya kusugua, na alama ndogo za mhuri wa dhahabu zimefutika. Uso wa saa ni mbaya zaidi. Katika saa bora za miaka ile maandishi yalichongwa ndani ya bamba la fedha, yakajazwa rangi ya kioo, yakachomwa motoni. Mkono wenye bidii uliosugua bamba hilo uliweza kuondoa kwa dakika tano kilichodumu miaka hamsini. Baada ya hapo wanunuzi hutoa nusu ya bei, au pungufu zaidi, nao wana haki. Saa yenye mikwaruzo yake ya halali huheshimiwa kuliko iliyochubuliwa ikang'aa. Tena saa za bandia na saa zilizounganishwa kwa vipande vya saa tatu zipo nyingi. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara huandikia kwanza nyumba iliyotengeneza saa, apewe hati ya daftari zao inayotaja nambari ya mashine, nambari ya kasha na mwaka wa kuuzwa.

Kuwa nayo nako kuna adabu yake. Saa hizi zikitiwa ufunguo huenda siku moja na nusu, au mbili zikiwa na nguvu. Ukiisahau sandukuni kwa juma moja, inasimama, na pamoja nayo kalenda yote. Haijui tena leo ni siku gani. Lazima uikumbushe siku ya juma, tarehe, mwezi na umbo la mwezi wa mbinguni, kila kimoja kwa kubonyeza kitundu chake kidogo ubavuni mwa kasha kwa kijiti cha ncha nyembamba. Na usiguse vitundu hivyo kati ya saa tatu ya usiku na saa tisa ya usiku. Katika saa hizo wenzo umekwisha kushikana na meno ya magurudumu kwa ajili ya kazi ya usiku wa manane. Ukibonyeza kwa nguvu, jino linavunjika, na jino la namna hiyo haliuzwi dukani. Wala hakuna kurudi nyuma. Aliyebonyeza kwa pupa akaruka siku moja mbele, dawa yake ni kuisimamisha saa na kuingoja siku imfikie. Aliyepitisha mwezi ana kazi kubwa zaidi. Haraka haraka haina baraka, hata kwa matajiri. Na katika zile za zamani zaidi hapakuwa na alama yoyote usoni ya kuonyesha kama mwaka mrefu uko karibu au mbali. Alama hiyo ilionekana katika saa za mkono kwa mara ya kwanza mwaka 1955, katika chache sana za Audemars Piguet.

Msomaji wetu atauliza: je, saa yenye akili hivyo yajua Pasaka? Hapana. Mwezi wa mbinguni yauonyesha, tena kwa uzuri: miezi miwili ya dhahabu imechorwa juu ya bamba la buluu lenye meno 59, na bamba huenda jino moja kila siku, hivyo kila mwezi una siku 29 na nusu. Kosa lake ni dogo, siku moja katika miaka miwili na miezi saba hivi. Lakini Pasaka yafuata mwezi na Jumapili na majira kwa pamoja, tena kwa kanuni za Kanisa, na yaweza kuangukia popote kati ya tarehe 22 Machi na tarehe 25 Aprili. Kwa hesabu hiyo mkono hautoshi. Yahitajiwa saa ya kanisa kuu. Ile ya Strasbourg, iliyojengwa na Jean-Baptiste Schwilgué ikaanza kwenda mwaka 1842, inaitafuta Pasaka kwa magurudumu yake yenyewe kila mwaka mpya uingiapo.

Na kuna kanuni nyingine ya Kanisa isiyojulikana na saa hizi za mkono. Kanuni ya mwaka mrefu kila miaka minne aliiweka Kaisari Yulio, miaka sabini na kitu kabla ya Bwana wetu kuteswa. Mwaka wa Kaisari ulizidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Ni kidogo sana. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kufika karne ya 16 kibaba kilikuwa kimejaa siku 10. Majira na Pasaka vilikuwa vikiachana. Ndipo Papa Gregori XIII, kwa hesabu za mganga Aloysius Lilius na za Mjezuiti Christopher Clavius, alipoamuru mwaka 1582 kwamba baada ya tarehe 4 Oktoba ifuate tarehe 15. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki katika usiku huo ulioruka siku 10. Na ili makosa yasirudi, Papa akaweka sheria: miaka ya mwisho wa karne haitakuwa mirefu, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400. Hivyo 1700, 1800 na 1900 haikuwa mirefu, na 2000 ulikuwa mrefu.

Gurudumu la sehemu 48 linamjua Kaisari. Papa Gregori halimjui. Kwalo mwaka wa nne daima ni mrefu. Wafalme wa Ethiopia, ambao kalenda yao huhesabu vivyo hivyo bila kuacha, wangelikubali bila ubishi. Mafundi waliona kwamba kulifundisha sheria ya miaka 400 kungeongeza magurudumu mengi kwa ajili ya usiku mmoja wa mbali, nao wakaliacha. Na mpaka leo hakuna saa ya mkono ya kalenda ya daima iliyokwisha kujaribiwa, kwa kuwa mwaka 1900 zilikuwa hazijaanza kuvaliwa, na mwaka 2000 ulipita bila taabu. Mashine ile tu ya 1898 ndiyo iliyoujua mwaka 1900, nayo wakati huo haikuwa bado saa ya mkono.

Jaribio litakuja mwaka 2100. Watoto walio leo katika darasa la kwanza watakuwa wazee wa miaka 80 hivi. Tarehe 28 Februari ya mwaka huo itakuwa Jumapili. Usiku wa manane pua ya wenzo itazama katika pengo la kati, kama ilivyofundishwa, na asubuhi saa zote za 1526, za 1518 na za 3448 zitakazokuwa bado zinatembea zitasema neno moja: Jumatatu, tarehe 29 Februari. Kalenda ukutani itasema Jumatatu, tarehe 1 Machi. Kisha katika kila nyumba yenye saa ya namna hiyo mtu fulani, mjukuu au kitukuu, ataivua mkononi, atatafuta kijiti chenye ncha nyembamba, naye atabonyeza mara moja.